Ajali ya meli hupimwa kwa mizani ipi? Maswali ya mtu wa Tukuyu

Leo naomba tushuke majini kidogo.

Najua kuna watakaocheka. Mtu wa Tukuyu, mji wa mvua, migomba na chai, anajua nini kuhusu meli? Huku kwetu hata jua la kuanikia nguo tunalivizia, sembuse bahari! Lakini nivumilieni. Kabla sijamaliza nitawaonyesha kwamba jambo hili linapita mbele ya milango yetu kila siku, tena kwa magurudumu.

Kilichonisukuma kuandika ni maneno mawili ambayo sisi waandishi wa habari tunayatumia kama chumvi: "ajali mbaya". Basi likiangusha watu kumi, ajali mbaya. Meli ikizama na mamia, ajali mbaya. Mafuta yakimwagika baharini bila kumgusa mtu, nayo ajali mbaya. Ukipiga simu chumba cha habari kuleta taarifa, swali la kwanza ni moja tu: "Dogo, wangapi?" Jibu lako ndilo linaloamua kama habari itakaa ukurasa wa kwanza au itabanwa kule ndani, jirani na matangazo ya vifo. Na kama ni mafuta, swali linageuka kidogo: "Tani ngapi?"

Je, hicho ni kipimo? Nimekaa na historia ya ajali za majini, za kwetu na za mbali, na nimeona kwamba watu wamezipima kwa mizani nyingi, na kila mizani ina swali lake. Tatizo linaanza pale unapochukua mizani ya kupimia ndizi ukapimia dhahabu.

MIZANI YA KWANZA: KELELE

Tuanzie nyumbani. Wajerumani walipofika pande hizi, kituo chao cha kwanza hakikuwa hapa mlimani. Kilikuwa kule chini ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wakakiita Langenburg. Baadaye walipandisha boma hapa Tukuyu, wakaliita Neu Langenburg, yaani Langenburg Mpya. Kwa hiyo mji wetu huu wa baridi ni mtoto wa ziwa, ingawa siku hizi wengi tumesahau. Hata Kyela yenyewe, yenye ufukwe na mchele wake, ilikuwa sehemu ya Rungwe kabla haijawa wilaya inayojitegemea.

Kule ziwani Wajerumani walikuwa na meli yao ya mvuke, Hermann von Wissmann, iliyosafirishwa vipande vipande kutoka Ulaya na kuunganishwa huku miaka ya 1890. Waingereza wa Nyasaland nao walikuwa na yao, Gwendolen. Manahodha wake walikuwa wakifahamiana vizuri. Agosti 1914 vita vilipolipuka Ulaya, habari zilimfikia Mwingereza mapema kuliko Mjerumani. Tarehe 13 Agosti Gwendolen ilikwenda hadi Sphinxhafen, mahali tunapopaita Liuli, ikaikuta Von Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Ikaipiga mizinga na kuiharibu. Nahodha wa Kijerumani alikuwa hata hajaambiwa kwamba kuna vita!

Magazeti ya London yalilishangilia tukio hilo kama ushindi wa majini. Mpaka leo ukisoma vitabu vya Vita Kuu ya Kwanza utalikuta, na kuna wanaoliita ushindi wa kwanza wa majini wa Waingereza katika vita ile.

Sasa linganisha. Tarehe 30 Julai 1946, katika ziwa hilohilo, meli mpya ya abiria iliyoitwa Vipya, mali ya shirika la reli la Nyasaland, ilipinduka katika dhoruba upande wa kaskazini. Ilikuwa ndiyo kwanza imeanza safari zake. Walikufa watu 145.

Nimewauliza watu wengi hapa Tukuyu na kule Kyela, wazee kwa vijana. Ile ya mizinga ya Liuli wapo wanaoijua, hasa waliopita mikononi mwa walimu wa historia. Ya Vipya? Kimya. Meli iliyopigwa ikiwa juu ya magogo ina kurasa zake vitabuni, na watu 145 waliokwenda na maji hawana hata mstari katika kumbukumbu ya majirani zao.

Hiyo ndiyo mizani ya kwanza, mizani ya kelele. Inapima nani alikuwa karibu na kalamu. Uzito wa ajali yenyewe hauonyeshi.

MIZANI YA PILI: VICHWA

Basi utasema, tuache kelele, tuhesabu watu. Sawa, tuhesabu.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza, ikitoka Bukoba kupitia Kemondo. Wengi wa rika langu hatuna kumbukumbu nayo wenyewe. Tumeikuta katika simulizi na katika makaburi ya Igoma. Meli ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Waliokufa ni wangapi? Hapa ndipo mizani inapoanza kutikisika. Utasikia 894. Utasikia "zaidi ya 800". Utasikia "karibu 1,000". Namba zote hizo zimechapishwa, na kila moja ina watu wanaoiamini.

Sababu ya mtikisiko huo inauma. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu, wale wa bei nafuu, hawakuwa nayo. Kwa hiyo msitari kati ya waliohesabika na wasiohesabika ulichorwa kwenye dirisha la tiketi, kabla hata meli haijang'oa nanga. Mama aliyepanda na mkungu wake wa ndizi akakaa sakafuni, kwa karatasi za meli, hakupanda kabisa. Na mtu ambaye hakupanda hawezi kuhesabiwa kuwa amekufa.

Liko na lile la tundu. Meli ilipokuwa imeelea kichwa chini, watu walio ndani walisikika wakigonga. Waokoaji wakatoboa tumbo la meli ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imenasa ndani, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiishikilia meli juu ya maji, ikatoka, na meli ikazama. Rais Mkapa alitangaza maombolezo ya siku tatu, na maofisa wa shirika la reli, waliokuwa wakimiliki usafiri ule, wakafikishwa mahakamani. Lakini ukiuliza ni wangapi kati ya wale waliokufa walikuwa bado hai pale ajali ilipotokea, wakafa kwa kukosekana vifaa na utaalamu wa kuwatoa, hakuna tarakimu itakayokujibu. Namba moja ya vifo inafunga ndani yake ajali mbili, ya kuzama na ya kukosa kuokolewa.

Tukaapa kwamba haitatokea tena. Tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander ilizama usiku kati ya Unguja na Pemba. Maiti zilizopatikana zilikuwa 200 na ushee. Tume iliyotoa taarifa yake mwaka uliofuata ilipojumlisha waliokufa na waliopotea, ilivuka 1,500. Fikiria tofauti hiyo. Gazeti la wiki ya kwanza na taarifa ya tume wanazungumzia meli moja, usiku mmoja, lakini utadhani ni ajali mbili tofauti. Mwandishi aliyeandika "200" hakudanganya, alihesabu waliorudishwa na bahari.

Halafu tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka mita chache tu kabla ya gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Walikufa zaidi ya 220. Waliookolewa walikuwa 41, akiwemo fundi wa kivuko aliyetolewa akiwa hai siku mbili baadaye. Piga hesabu mwenyewe uone walikuwamo wangapi.

Mimi sisemi tusihesabu vichwa. La hasha! Kila kichwa kina mama yake. Ninachosema ni kwamba namba ya waliokufa inakuja mwisho, na ubora wake unategemea kazi iliyofanyika mwanzo, yaani orodha. Nchi isiyoandika nani kapanda haiwezi kupima ajali yake, itabaki kukadiria.

MIZANI YA TATU: WAJIBU

Sasa tazama wenye bahari zao wanavyopima. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, IMO, lilipitisha mwaka 2008 kanuni za kuchunguza ajali za meli, zikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2010. Ngazi ya juu kabisa katika kanuni hizo ni "ajali mbaya sana". Na ili ajali iingie ngazi hiyo inatosha jambo moja kati ya matatu: meli imepotea kabisa, au mtu amekufa, au mazingira yameharibiwa vibaya.

Someni tena hapo katikati. Mtu amekufa. Hawakusema watu mia wala watu kumi. Baharia mmoja akianguka katika shimo la shehena akafa, kwa mizani hiyo ni "ajali mbaya sana" kama ambavyo ingekuwa kwa mamia.

Niliposoma hivyo mara ya kwanza nilidhani ni ukatili wa makarani, kuweka mmoja na mia nane kwenye kapu moja. Baadaye nikaelewa. Mizani ile haipimi msiba, inapima wajibu. Ajali ikishaitwa "mbaya sana", nchi ambayo bendera yake inapepea melini inabanwa kufanya uchunguzi, na lengo la uchunguzi huo linakuwa kuzuia ijayo, wala si kutafuta wa kumfunga. Swali lililo chini ya mizani ni: je, tunalazimika kujua nini kilitokea? Na jibu lao ni kwamba mtu mmoja anatosha kutulazimisha.

Hebu jiulizeni, kwetu ni mitumbwi mingapi imezama Nyasa, Tanganyika na Viktoria, ikachukua watu wawili, watatu, watano, mambo yakaishia kwenye matanga? Nani alichunguza? Kwa mizani ya kelele ni habari ya ndani. Kwa mizani ya vichwa ni ajali ndogo. Kwa mizani ya wajibu kila mmoja ni "ajali mbaya sana" iliyopita bila kuulizwa. Na kanuni zile zilitungiwa meli za baharini. Ziwani tunategemea sheria zetu wenyewe na moyo wa kuzifuata.

MIZANI YA NNE: TANI

Tuje kwenye mafuta. Hapa ndipo watu wanapopotea zaidi, kwa sababu mafuta yana kipimo kinachoonekana cha kisayansi.

Kuna taasisi London inaitwa ITOPF, iliundwa mwaka 1968 baada ya meli ya Torrey Canyon kupasuka miambani kusini magharibi mwa Uingereza mwezi Machi 1967 na kumwaga zaidi ya tani laki moja za mafuta ghafi. Wataalamu hawa wanagawa umwagikaji katika makundi matatu. Chini ya tani 7 ni mdogo. Kuanzia tani 7 hadi 700 ni wa kati. Zaidi ya 700 ni mkubwa. Ni mizani nzuri ya kutunzia takwimu, na kwa takwimu hizo tunajua kwamba umwagikaji mkubwa umepungua sana tangu miaka ya 1970. Lakini jaribu kuitumia kupimia madhara uone.

Mwezi Mei 1991 meli ABT Summer ililipuka mbali sana na pwani ya Angola, ikiwa na tani kama 260,000 za mafuta ghafi. Ni moja ya ajali kubwa kabisa za mafuta katika historia. Umewahi kuisikia? Mafuta yalimwagika katikati ya bahari kuu, mengine yakaungua, mengine yakasambaratishwa na mawimbi.

Miaka miwili kabla yake, tarehe 24 Machi 1989, Exxon Valdez iligonga mwamba Alaska ikamwaga tani kama 37,000, yaani sehemu moja ya saba ya ile ya Angola. Lakini ilikuwa ndani ya ghuba, kwenye maji baridi yasiyovunja mafuta haraka, karibu na pwani yenye ndege, samaki na watu wanaowategemea. Ndege wa baharini waliokufa wanakadiriwa kwa malaki. Marekani ikatunga sheria mpya mwaka 1990, na meli za mafuta zikaanza kulazimishwa kuwa na kuta mbili.

Mfano mwingine. Januari 1993 meli ya Braer ilipasuka visiwa vya Shetland na kumwaga tani kama 85,000, zaidi ya mara mbili ya Exxon Valdez. Ikaja dhoruba kali iliyovuruga mafuta baharini siku baada ya siku, na madhara yakawa madogo kuliko yalivyoogopwa. Dhoruba ileile ambayo kwa abiria ni mauti, kwa ufukwe ilikuwa fagio.

Sasa njoo kwetu, Bahari ya Hindi. Aprili 2005, bandarini Kilindini, Mombasa, meli ya Ratna Shalini ilimwaga mafuta kama tani 200. Kwa ITOPF ni umwagikaji wa kati. Lakini yaliingia kwenye mikoko. Na mikoko, jamani, haina fagio. Matope yake yananyonya mafuta, mizizi inayopumulia inazibwa, na hakuna wimbi la kuja kuosha.

Tarehe 25 Julai 2020 Wakashio ilipanda mwamba wa matumbawe Mauritius. Haikuwa hata meli ya kubeba mafuta! Ilikuwa ya shehena, tena tupu, na kilichomwagika kuanzia tarehe 6 Agosti ni mafuta ya injini zake yenyewe, kama tani 1,000. Ukiyaweka karibu na ABT Summer ni kijiko. Lakini yaliingia kwenye rasi tulivu, penye matumbawe na mikoko, kwenye kisiwa kinachoishi kwa bahari. Wananchi walitoka na majani ya miwa na nywele walizokata vichwani mwao wakashona vizuizi vya kuzuia mafuta. Serikali ikatangaza hali ya dharura ya mazingira.

Kwa hiyo wataalamu walitengeneza mizani nyingine, inayopima ufukwe badala ya tani. Kwenye ramani zao pwani zinapewa daraja kuanzia 1 hadi 10. Moja ni mwamba mkavu unaopigwa na mawimbi makali: mafuta yakija, yataoshwa. Kumi ni mikoko na vinamasi vya maji ya chumvi: mafuta yakiingia humo, hesabu miaka. Uzuri wa mizani hii ni kwamba unaitumia kabla ya ajali. Unajua mapema ni wapi pa kupalinda kwanza, ni wapi pa kuweka vizuizi, ni wapi pa kuacha mawimbi yafanye kazi yake.

Kabla. Likumbukeni neno hilo.

SASA TUPANDE TUKUYU

Niliwaahidi magurudumu. Haya.

Barabara kuu inayotoka Uyole, ikapita Isongole, Kiwira, Tukuyu hadi Kasumulu mpakani ni mojawapo ya njia zinazopitisha mafuta ya Malawi, nchi isiyo na bahari. Kaa kando ya barabara pale mjini saa moja tu, utayaona malori ya matenki yakishuka taratibu kuelekea Kyela, breki zikilia. Lori moja hubeba lita elfu 35, elfu 40. Ni kama tani 30. Kwa mizani ya ITOPF, lori moja likimwaga lote ni umwagikaji wa kati, kundi moja na ule wa Kilindini. Ndiyo maana nasema meli za mafuta zinapita Tukuyu. Hazina nanga tu.

Na sisi wa Rungwe hatuhitaji kufundishwa hilo. Mwaka 2000, katika kijiji cha Idweli, lori la mafuta lilipinduka. Watu wakaenda kuchota. Moto ukalipuka, wakafa makumi. Hakuna ndege aliyepakwa mafuta, hakuna ufukwe uliochafuka, na kwa tani ni tone. Lakini nenda ukamwambie mtu wa Idweli kwamba ile ilikuwa "ya kati"!

Miaka 19 baadaye, tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu, Morogoro, jambo lilelile likajirudia. Lori, madumu, watu, moto. Walikufa zaidi ya 100. Wengi wakasema ujinga, wengine wakasema tamaa. Mimi nasema tuangalie pia mizani. Baada ya Idweli tulihesabu vichwa, tukalia, tukazika. Je, tuliuliza kama IMO wanavyouliza, tutajuaje ijayo isitokee? Je, kila kijiji kilichopo kando ya njia ya mafuta kilifundishwa kwamba mvuke wa petroli unatambaa chini kama ukungu wetu wa asubuhi, kwamba cheche ya pikipiki tu inatosha kuuwasha, kwamba harufu ikikufikia na hatari imeshakufikia? Kama lingeulizwa kweli Idweli, huenda jibu lingefika Msamvu kabla ya lori.

Huo ni upande wa moto. Sasa upande wa maji.

Petroli ina sifa moja: huruka haraka hewani. Ndiyo inayoifanya iue papo hapo, na ndiyo inayoifanya isikae sana majini. Dizeli haina haraka hiyo. Ikimwagika kwenye mteremko wenye mvua kama wetu, itafuata mtaro, mtaro utafuata kijito, na huku kwetu vijito vina bwana mmoja. Kiwira, ileile inayopita chini ya Daraja la Mungu, inaishia Ziwa Nyasa. Mbaka na Lufilyo nazo ni hukohuko. Kinachomwagika mlimani kwetu kinaweza kwenda kunywewa Kyela.

Na ziwa lenyewe ni la aina gani? Tungelipa daraja gani kwenye ile mizani ya 1 hadi 10? Nyasa lina kina cha kama mita 700. Lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Shire, kule kusini kabisa Malawi. Maji yake mengi hutoka kwa jua, kwa kugeuka mvuke, na mafuta mazito hayapandi juu pamoja na mvuke huo. Kubadilisha maji yote ya ziwa lile ni kazi ya karne nyingi. Chini ya mita 250 hivi hakuna hewa ya oksijeni, kwa hiyo uhai wote, mbasa, usipa na mamia ya aina za samaki wasiopatikana popote pengine duniani, uko katika tabaka lile la juu. Ndilo tabaka ambalo mafuta hukaa. Bahari ina mahali pa kupeleka uchafu wake. Nyasa ni beseni.

Meli zake siku hizi ni chache, lakini zipo. MV Ruvuma na MV Njombe za mizigo zilianza kazi mwaka 2017, kila moja ya tani 1,000. MV Mbeya II ya abiria 200 ikafuata mwaka 2021. Nazipongeza, maana watu wa mwambao wa Nyasa wameteseka mno na usafiri. Lakini kila chombo chenye injini kina tenki, na tumeona Wakashio kwamba meli haihitaji kuwa ya mafuta ili imwage mafuta.

Kisha kuna sheria. Baada ya Torrey Canyon dunia ilitunga mkataba wa mwaka 1969, ukaboreshwa mwaka 1992, kwamba mwenye meli ya mafuta ndiye atakayelipa fidia ya uchafuzi. Vizuri sana. Ila mkataba huo unazungumzia vyombo vya baharini. Mvuvi wa Matema nyavu zake zikijaa mafuta, mlango huo haumhusu. Na ziwa lenyewe tunagombea mpaka na ndugu zetu wa Malawi: wao wanasimamia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 kwamba maji yote ni yao, sisi tunasema mpaka ni katikati. Malawi ilipotoa leseni za kutafuta mafuta ziwani mwaka 2011, mwaka uliofuata ugomvi ukapamba moto upya. Tuligombana sana kuhusu nani atakula mafuta yakipatikana. Sikusikia ugomvi mkubwa namna hiyo kuhusu nani atayafuta yakimwagika.

BASI TUPIME VIPI?

Nisiwachoshe. Baada ya kuzungusha mizani zote hizi, msimamo wangu ni huu. Uzito wa ajali hauko kwenye namba moja. Uko kwenye maswali manne, na matatu kati yake yanaweza kujibiwa kabla ajali haijatokea.

La kwanza, nani yumo ndani, na jina lake limeandikwa wapi? La pili, ikimwagika hapa itakwenda wapi, na je, mahali hapo panajiosha au pananyonya? La tatu, nani atafika kuokoa, baada ya muda gani, akiwa ameshika nini? La nne ndilo pekee linalosubiri ajali: nini kimepotea ambacho hakiwezi kurudi?

Waandishi wenzangu, sisi tunakimbilia hilo la nne, tena nusu yake tu. Tunasubiri pafuke moshi ndipo tuulize wangapi. Lakini gatini Itungi unaweza kwenda hata leo, hakuna aliyekufa, ukauliza kuona orodha ya abiria na kuhesabu maboya. Unaweza kwenda kijiji chochote kati ya Isongole na Kasumulu ukauliza watoto wa shule: lori la mafuta likianguka hapa mtafanya nini? Jibu watakalokupa ndiyo kipimo cha ajali ambayo bado haijatokea.

Habari hiyo haitapata ukurasa wa kwanza. Mhariri atauliza wangapi, utasema sifuri, naye atakata simu. Iandike hivyohivyo. Sifuri hiyo ndiyo tunayoitafuta.

Wadau, mwenye kumbukumbu ya Vipya kutoka kwa babu au bibi yake, upande wa Kyela, Karonga au popote ziwani, naomba anisimulie. Wale 145 wamekaa kimya muda mrefu mno.